Ruhusa ya Mjomba

Dar es Salaam
2 Februari 2025

Mjomba Erasto,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na Bibi Agatha, na miguu yake imepungua kuvimba. Mimi sijambo, ila usingizi mchache. Mwaka wa nne wa udaktari hauna huruma. Barua nimempa dereva wa basi la Newala kama kawaida, maana simu yako najua umeifungia kabatini, unasema inameza maneno.

Nina habari kubwa. Unakumbuka kile kikundi chetu cha wanafunzi wa udaktari, kinachopigania watu wanaoumwa na nyoka vijijini? Tulianza kwa kuandika barua wizarani na kuzungumza redioni. Sasa tumealikwa Geneva mwezi wa tano, mataifa yatakapokutana kujadili afya ya dunia nzima. Kutakuwa na kikao cha vijana, na aliyechaguliwa kuongea ni mimi. Dakika tatu, Mjomba, mbele ya watu wanaoamua dawa gani inunuliwe na iende wapi.

Nitasimulia habari za Mama, kama tulivyozijua nyumbani. Novemba 2019, Mama anaokota korosho, kifutu anamuuma kifundoni, anapelekwa hospitali, dawa ya sumu hakuna, anafariki. Yasinta, kiongozi wetu, anasema maneno mawili tu yanatosha: dawa haikuwepo. Kweli, kila nikiyasema ukumbi unanyamaza.

Waandaaji wanataka ndugu wa marehemu athibitishe. Fomu nimeiweka humu. Ni kusaini tu chini ya maneno "maelezo haya ni ya kweli", na kuwaruhusu watumie ile picha ya Mama ameshika ungo. Baba siwezi kumwomba. Tangu atuache mara baada ya mazishi na kuhamia Nanganga sijaisikia sauti yake, wala sina hamu nayo. Wewe ndiye baba na mama yangu, ndiye uliyenisomesha.

Mpwa wako,
Dorika


Chilangala
23 Februari 2025

Mpwa wangu Dorika,

Marahaba. Sisi hapa tupo, tunasukuma siku. Miguu ya bibi yako imepungua, mdomo haujapungua. Nilipomwambia unakwenda ng'ambo kwa mambo ya nyoka, akauliza nyoka wameanza lini kuwa na wakili. Nimemweleza vizuri. Sasa anakwenda nyumba hadi nyumba kutangaza kwamba mjukuu wake anaitwa na dunia.

Mvua ni ya kusuasua. Mahindi yamesimama lakini hayana furaha. Ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, ipo kwa wingi, na bibi yako alikuwa anataka akutumie ndoo nzima, nikamzuia. Matangi ya maji yamejaa nusu.

Kuhusu fomu, wino wa kalamu umeniishia, na dukani hawana. Halafu hiyo picha, mama yako amevaa kanga ya shambani. Sioni kama inafaa kwenda kwa wageni. Na nimejiuliza, mwanangu, hakuna mtu mwingine aliyeumwa? Nchi hii haina uhaba wa nyoka. Chukua habari ya mwingine, wa mbali, usiyemjua, uiseme kwa moyo mweupe. Mama yako mwache apumzike.

Soma sana. Kula vizuri.

Mjomba wako,
Erasto


Dar es Salaam
9 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima. Bibi mpe pole ya miguu na umwambie ndoo ya ming'oko ningeipokea kwa mikono miwili.

Nimekuwekea kalamu mbili za bluu. Mwalimu wa miaka thelathini na mbili kuishiwa wino, hilo kawaambie wanafunzi wako wa zamani, si mimi.

Usinikasirikie, lakini umeniumiza. Unaniambia nichukue habari ya mtu nisiyemjua? Mjomba, mimi nimeingia udaktari kwa sababu ya Mama. Nikichoka wodini namkumbuka Mama. Kama kuna kitu unaona aibu nacho niambie. Kanga ya shambani si aibu, na kufa kwa kukosa dawa si aibu yetu, ni ya wanaotakiwa kuileta.

Fomu inatakiwa kabla ya mwisho wa Aprili. Nakuomba.

Mpwa wako,
Dorika


Chilangala
20 Aprili 2025, Jumapili ya Pasaka

Mpwa wangu,

Heri ya Pasaka. Sisi wazima, mbaazi zimechanua. Najua umengoja wiki sita. Barua hii nimeianza mara nne nikaichana, na kalamu zako zote mbili zinaandika vizuri sana.

Fomu nakurudishia bila sahihi. Maisha yangu yote nimesahihisha madaftari, na kila nilipokuta uongo niliuwekea alama ya kosa kwa wino mwekundu. Siwezi kusaini chini ya uongo, na huu ni wangu mwenyewe.

Dawa ilikuwepo, Dorika.

Nakueleza kama ilivyokuwa. Mama yako aliumwa saa tatu asubuhi. Baba yako Cuthbert hakupoteza muda, alikimbia akaleta pikipiki mpaka mlangoni. Bibi yako akakaa kizingitini akasema hapelekwi mtu Newala bila Erasto kujua. Unaijua desturi yetu. Mke akiugua kwenda zahanati ya jirani hakuna anayeuliza, lakini safari ya hospitali lazima kaka yake aambiwe, maana likitokea la kutokea ukoo utamshika mume. Cuthbert alibembeleza. Akaambiwa ampigie simu shemeji yake.

Mimi nilikuwa mnadani kwenye ghala la ushirika. Ndiye niliyekuwa nikiwasomea wakulima bei za wanunuzi, na nilijiona mtu mkubwa sana siku ile. Simu iliita mara tatu. Niliitazama, nikaona jina la Cuthbert, nikairudisha mfukoni. Nilidhani anataka kujua bei.

Nilifika nyumbani saa kumi. Mguu ulikuwa umevimba mpaka nyongani, fizi zinatoa damu, na pikipiki bado iko pale pale mlangoni. Mama yako akaniambia, "Kaka, umechelewa." Alisema taratibu, bila hasira, kama mtu anayekuambia chakula kimepoa. Hospitali tulifika jua linazama. Nesi alikwenda kwenye friji akarudi na kichupa, wakamchoma hapo hapo. Daktari akasema wamefanya lao, ila sumu imekaa mwilini siku nzima. Alfajiri akatutoka.

Wewe ulizika ukarudi bwenini. Siku ya tatu ya matanga baba yako alisimama mbele ya watu akasema pikipiki ilikuwa mlangoni tangu asubuhi na mkewe ameuawa na kungoja. Nikamwambia anautukana ukoo. Nyumba iko kwenye ardhi ya kwetu, nikamwambia aondoke. Hakuwaacha, Dorika. Nilimfukuza. Uliporudi likizo nikakuambia amejiendea, na ulipouliza kuhusu dawa nikasema haikuwepo. Uliniamini, nawe ukaenda kusomea udaktari kwa maneno hayo. Kila niliposikia umefaulu nilifurahi na nikaogopa.

Sasa unataka kuwaambia watu wa dunia nzima. Ukisema, sema hili. Na jina langu litaje.

Mjomba wako,
Erasto


Dar es Salaam
30 Aprili 2025

Mjomba,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu Mama alinifundisha kuiandika.

Habari za afya sikuulizi leo, wala za kwangu sina.

Namba ya Baba niliipata kwa dereva wa basi. Nilipiga, akapokea, nikamwamkia. Akaniita kwa jina kabla sijajitambulisha. Halafu akauliza kama nimekula. Miaka mitano na zaidi, Mjomba, na yeye anauliza kama nimekula. Nililia mpaka Yasinta akaja kugonga mlango.

Hakukusema vibaya hata kidogo. Nilimuuliza mbona hakunitafuta, akasema aliona wewe ndiye unayenilipia shule, na hakutaka nichague.

Fomu mpya nimemtumia Nanganga na basi la jana, waandaaji wameniongezea wiki moja. Atasaini yeye.

Mpwa wako,
Dorika


Geneva
24 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Hujambo? Bibi hajambo? Naandika nikiwa hapa, nitaituma nikifika Dar. Huku ni mwezi wa tano na watu wanasema kumepata joto, mimi nimevaa masweta mawili.

Nimeshaongea. Nataka ujue ilivyokuwa, usije ukasikia kwa mwingine.

Kabla ya kupanda jukwaani, Yasinta alinivuta pembeni. Tangu nimweleze ukweli alikuwa na wasiwasi, na si mtu mbaya, anaipenda kazi yetu. Aliniambia nikisema dawa ilikuwepo tumekwisha, kwamba watu watasema tatizo ni mila zetu na si kazi yao, watafunga makabrasha waende kunywa chai. Alinisihi niseme tu yale maneno yetu ya zamani. Nami nilitamani kuyasema, Mjomba. Nilikuwa nayo mdomoni. Ni mepesi, na yananifanya mimi niwe mtoto wa mtu aliyeonewa, basi.

Nikapanda nikasema kama ulivyoniandikia. Pikipiki mlangoni, simu mara tatu, kichupa ndani ya friji. Mama anangoja ruhusa.

Ukumbi haukunyamaza kama zamani. Watu waligeukiana. Mzee mmoja wa safu ya mbele akauliza kile kile alichokiogopa Yasinta, kwamba basi si dawa inayokosekana. Sijui jibu nilitoa wapi, nadhani ni kwenye barua yako. Nilimwambia, "Nyumbani kwetu, mgonjwa akienda zahanati ya jirani haombi ruhusa kwa mtu. Ruhusa ni ya safari. Dawa ingekuwa pale karibu, bibi yangu angemkokota Mama mwenyewe, wala tusingemngoja yeyote." Nikasema dawa ilikuwa mbali, ndiyo maana ikawa na mlango wa kupitia, na mlangoni kuna mtu wa kungojewa. Nikasema nataka vyote viwili vishughulikiwe, umbali ni wao na mlango ni wetu.

Yule mzee aliandika. Sijui aliandika nini, na sitakudanganya kwamba kuna kitu tumeahidiwa. Tumeitwa tena kwenye kikao kidogo kesho, wanataka kusikia kuhusu zahanati. Yasinta amenikumbatia, ila bado amenuna kidogo.

Jina lako sikulitaja. Nilisema tu kwamba tuliyemngoja ni mjomba wangu na kwamba ndiye aliyenisomesha. Usidhani nimekusamehe, bado nina hasira, nyingine naamka nayo asubuhi. Lakini nilipokuwa nimesimama pale niliona wao wanaweza kumaliza lao, na lile la kwetu mimi siwezi kulimaliza nikiwa Geneva. Ni lako.

Mpwa wako,
Dorika


Chilangala
6 Julai 2025

Mpwa wangu Dorika,

Marahaba. Afya tunayo, upepo wa kipupwe unatupiga, na wiki hii tunaanza kupuliza salfa kwenye mikorosho. Bibi yako anakusalimu. Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa kwenye mikunjo.

Jumapili iliyopita niliwaita watu wa ukoo wote, wanawake, waume zao na wazee. Walidhani nagawa mashamba. Nikasimama nikaeleza siku ile tangu mnadani mpaka alfajiri, bila kupunguza. Watu walitazama chini. Nilipomaliza, bibi yako akasema kutoka mkekani, "Na mimi ndiye niliyekaa kizingitini." Akalia, nami nikalia, na mzee mmoja akatoka nje kwa sababu hakutaka kutuona.

Halafu nikatoa karatasi. Nilikuwa nimeziandika kwa kalamu zako, moja kwa kila mpwa na kila dada niliye naye, kumi na moja kwa jumla. Nimeandika kwamba mimi mjomba wao nimekwisha kuambiwa na nimekwisha kukubali, apelekwe hospitali saa yoyote bila kuningoja. Nimeweka sahihi na dole gumba. Wapo waliosema desturi haiandikwi. Nikawaambia desturi ni mjomba aseme, na mimi nimesema. Zimebandikwa nyuma ya milango. Furaha, mpwa wangu mwingine, ana mimba ya miezi saba, na mume wake Faruku ameomba ya pili ya kufunga kwenye pikipiki. Nimemwandikia, nisingepumzika.

Jumatano nikaenda Nanganga. Baba yako ana kibanda cha kuuza makopa ya muhogo kando ya barabara. Amekuwa na mvi, na hajaoa, ingawa niliwahi kukuambia ameoa. Niongezee na hilo. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi njiani, nilipofika nikayasahau, nikampa tu karatasi moja niliyoiandika peke yake. Aliisoma polepole, mara mbili, kisha akauliza mbona tarehe ni ya zamani. Nikamwambia ndiyo siku niliyotakiwa kuiandika. Mteja mmoja akaja akaondoka bila kuhudumiwa. Mwishowe akaikunja akaitia mfuko wa shati, akasema Jumatatu atapanda Chilangala kupuliza mikorosho ya mama yako, maana amesikia naipuliza vibaya. Amesikia kweli.

Nakala yako ya karatasi hiyo nimeiweka hapa chini.

Mjomba wako,
Erasto


Chilangala
14 Novemba 2019, saa tatu asubuhi

Shemeji Cuthbert,

Niko mnadani, na simu yako nimeisikia. Mimi Erasto nimekubali Severina apelekwe hospitali. Mpakie sasa hivi mwende. Msiningoje.

Kaka yake,
Erasto