Siku Tuliyokaa Chini

Chechelesi,
S.L.P. 114,
Isiolo.
21 Mei 1988

Mpendwa ndugu yangu Abdillahi,

Salaam aleikum. Idd imepita na nafasi yako kwenye mkeka ilibaki wazi tena, na Mama alikataa mtu yeyote kuikalia. Habari za afya yako? Lile jino umeling'oa, au bado unaogopa kama ulivyokuwa ukimwogopa jogoo wa Mama Falis? Tunasikia joto la Jeddah halina huruma. Kunywa maji, tafadhali, usijifanye ngamia.

Sisi tunapumua, alhamdulillahi. Mama magoti yanamuuma kila mvua ikinyesha. Mguu wangu ni ule ule wa polio, ila gongo langu moja limepasuka nikalifunga kwa waya.

Mvua yenyewe imekuja kwa fujo. Watu wa Merti wanasema mifugo imenenepa, lakini barabara imekatika na lori zimekwama njiani siku nyingi. Habibo wa dukani hana chumvi wala viberiti.

Sasa nikueleze jambo ambalo limenikaa kooni. Unakijua kibanda chetu karibu na steji ya mabasi, pale walemavu wa mji huu tunashona viatu na kukata akala za matairi. Ploti ni ya kikundi, kaunsili ilitupa sisi. Lakini tuliambiwa kikundi kinahitaji mtu mzito wa kuingia maofisini, ndipo ami yetu, Adeer Roble, akawa mwenyekiti. Mtu ana miguu miwili mizima na lori mbili, na ndiye mwenyekiti wa walemavu! Yeye ndiye alituita Kikundi cha Wasiojiweza. Mgeni akija na kamera, Adeer anatupanga mbele ya kibanda na kutushika vichwa kama mbuzi wa mnada. Ni ndugu ya marehemu baba, najua, lakini wacha niseme.

Mwaka huu tulisema basi. Regina Nakaale aligombea, yule dada Mturkana anayetembea kwa mikono. Ndiye aliyetufundisha kazi karibu sote, ndiye anayejua nani amelala njaa, na mbele ya wakubwa hana adabu hata kidogo. Nampenda kwa hilo. Alisema mwenyekiti wa walemavu awe mlemavu, na kibanda kisiguswe, kwa maana tulikuwa tumeshasikia Adeer anataka kukigeuza stoo ya sukari yake. Na sisi karibu sote tulikuwa upande wa Regina.

Afisa aliyeletwa kusimamia uchaguzi akasema tutapiga kura kwa mlolongo, kama nchi nzima ilivyopiga mapema mwaka huu. Kila mtu apange foleni nyuma ya anayemtaka. Basi tukakutana kibandani kupanga mambo yetu. Ekai hakuwa na raha. Huyu alikuwa kijana wa kutambaa, hana jamaa mjini ila dada yake, na alikuwa akilala mle kibandani na kutulindia vifaa. Alisema kwenye foleni ataonekana kama mzigo ulioanguka katikati ya miguu ya watu. Regina akasema kama ni hivyo, hakuna atakayesimama. Tutakaa chini sote, wa magongo, vipofu, hata Robow ambaye haoni lakini miguu yake ni ya kukimbia. Tulipiga makofi, Abdillahi! Tulijiona tuna akili kuliko serikali.

Siku ya kura tulikaa. Tulikuwa mstari mrefu mchangani nyuma ya Regina, tumevaa nguo safi, tumejipaka mafuta. Magongo yote tuliyarundika mbali, pembeni ya ukuta, ili asiwepo wa kujionyesha kuliko mwenzake. Wallahi sijawahi kujisikia mtu kama asubuhi ile.

Afisa akatutazama, akasema mlolongo ni wa waliosimama, walioketi ni watazamaji. Asiyeweza kusimama, jamaa yake asimame badala yake. Kabla hatujafungua mdomo, jamaa zetu waliokuja kutazama wakaingia uwanjani wakajipanga. Nyuma ya nani? Nyuma ya Adeer, nani mwingine! Ndiye anayewabebea mizigo hadi Merti, nani atamuudhi? Mke wa Robow alikuwepo, na dada ya Ekai pia. Regina akapiga kelele kwamba tunaoweza kusimama tusimame. Tukatambaa kuyafuata magongo, tukaanza kuyachambua, hili langu, hili lako, na vipofu wanaita kuuliza foleni iko wapi. Tulipoinuka, afisa alikuwa ameshatangaza mshindi.

Na pale mbele kabisa, nyuma ya Adeer, amevaa leso yake mpya, alikuwa Mama. Alisimama badala yangu.

Kibanda kilifungwa wiki ile ile. Vifaa vyetu tulirudishiwa kwenye gunia, na sukari ikaingia. Regina sasa anaketi sokoni na bakuli, yeye aliyekuwa akitugombeza tusiombe. Ekai alihamia varanda ya maduka, akanyeshewa mvua zote hizi, kifua kikambana, na Ramadhani ilipoanza tu alifariki. Adeer alitoa mbao za jeneza na lori la kumbeba, halafu akahutubia kaburini kuhusu wasiojiweza wake. Regina hakungoja amalize. Aligeuka akaondoka kwa mikono yake kwenye matope, na mimi nikamfuata.

Wengine wanamlaumu Regina. Wanasema kama tungesimama tunaoweza, tungeshinda. Ni kweli, tungeshinda na Ekai angekuwa hai, na jambo hili linaniamsha usingizini. Lakini pia nakumbuka Ekai alivyocheka alipotuona sote tumeketi kando yake. Sijui niweke wapi mambo haya mawili.

Siku ya Idd nilimuuliza Mama kwa nini alifanya vile bila kuniambia. Alikuwa anachambua mchele. Hakukasirika hata kidogo. Akasema, "Asli, nilikubeba mgongoni mpaka ukawa msichana mkubwa. Hata siku moja sikukuuliza unataka kwenda wapi." Akaendelea na mchele wake. Alisema kwa upendo, Abdillahi, na ndiyo maana nilishindwa kula.

Sisi bado tunakutana, kwa Regina, tukibanana chumba kimoja. Tunataka ploti yetu, na safari hii hakuna atakayetusemea.

Najua hasira zako. Ukimaliza kusoma utamwandikia Adeer barua ya moto, na nyingine umwandikie Mama, na hapa wote watanyamaza kwa sababu mwanamume wa nyumba amenena. Tafadhali usifanye hivyo. Kibanda kikirudi kwa neno lako, kitakuwa kimerudi kwako. Niandikie mimi kwanza, uniulize ninataka nini. Tangu nizaliwe sijaulizwa na mtu wa nyumba hii.

Mama anakusalimu sana, naye hajui niliyoandika humu. Robow na Regina wanakupa salamu, na Habibo anasema usisahau saa uliyomwahidi. Nibusie mtoto, na umpe wifi Faduma pole za ujauzito. Mwenyezi Mungu akufunike huko ugenini na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Asli