Ndoo ya Mchanga Mweusi

Lindi, Kibera
Jumatatu, 9 Machi 2026

Kwako ndugu yangu Dalmas,

Gramu kumi na moja za dhahabu zilitoka mlangoni kwangu Jumatano iliyopita, tarehe nne, saa saba na nusu mchana, ndani ya ndoo ya rangi isiyo na mfuniko, na aliyezibeba ni wewe. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, unasoma mistari miwili ya barua halafu unaikunja na kuitia mfukoni.

Sasa salamu. Natumai wewe na shemeji Yvonne hamjambo, na kwamba mgongo wako umepata nafuu tangu ule mjengo wa ghorofa. Sisi huku tuko. Mvua imeanza, njia ya kuteremkia Silanga ni matope matupu, lakini mwili ni mzima. Nimekupigia simu mara kumi na nne. Yvonne alishika mara moja tu, akasema uko kazini na simu umeiacha ikichaji. Simu gani inachaji siku nne? Ndiyo maana nimeandika, na barua nimempa Sella muuza omena, ambaye kesho asubuhi analeta dagaa wake huko Kawangware. Nimemwambia aiweke mkononi mwako, asimwachie jirani.

Utauliza dhahabu ilifikaje ndani ya taka. Nitafika hapo, nivumilie.

Unajua nilivyoanza kazi hii. Beseni moja, karai moja, na sumaku niliyoitoa kwenye spika iliyokufa. Hakuna aliyenishika mkono. Wewe ulicheka ukasema watu wazima wa ofisini wanacheza na matope na mimi nawashikia ndoo. Leo nina wateja ishirini na watatu: walimu, daktari mmoja wa meno, wazee waliostaafu. Wikendi wanaenda mitoni na makarai yao ya plastiki, wanaosha mchanga kwa kujifurahisha, wanapiga picha. Wakifika mwisho wanashindwa, kwa sababu dhahabu iliyobaki ni laini kama unga na imejificha ndani ya mchanga mweusi, ambao nao ni mzito. Wanauleta kwangu kwa chupa za soda. Mimi naumaliza kwa maji, tone la sabuni ili unga usielee, na sumaku ya kuvuta ule weusi. Zebaki sijaigusa hata siku moja, na hilo wanalijua.

Mwezi jana alikuja msichana anaitwa Ndinda. Babake, mzee Mbuvi, alikuwa karani Machakos, na kwa miaka tisa kila Desemba alikuwa akienda mtoni na karai lake. Hakuwahi kuuza hata chembe. Alijaza chupa moja ya nusu lita, akamwambia binti yake kwamba humo mna pete yake ya harusi. Mzee alifariki Oktoba. Harusi ni Jumamosi tarehe 21. Sonara amesema pete inataka gramu nne, na anataka kuiona dhahabu Ijumaa hii.

Jumatano ile Ndinda alikuwa amekaa kwenye stuli yangu. Nilikuwa nimempa kichupa chenye gramu mbili nukta nne. Alikiinua kwenye mwanga, akauliza kama ndiyo yote. Nikamwambia kwamba mchanga mweusi hudanganya macho, wazee wengi huona mali mahali ambapo hamna. Akacheka kidogo. "Kumbe mzee alikuwa anajisifu tu," akasema.

Hapo ndipo ulipoingia, na kelele zako. Ukamuuliza kama yeye ndiye bibi harusi, ukamwambia ale ugali, gauni lisije likamkimbia. Akacheka vizuri kwa mara ya kwanza siku hiyo. Halafu ukaigonga ndoo kwa kiatu.

"Sista, hii taka yako bado unaifuga? Wacha nikutolee."

Nilimwangalia Ndinda, naye alikuwa ananiangalia mimi. Nikakwambia, "Chukua, ni taka tu." Kwa hivyo nikisema ulichukua, sisemi uliiba. Nilikupa kwa mdomo wangu, na Ndinda akasimama akakushikia mlango.

Juzi Jumamosi Sella aliona vile vyuma vya kunyanyua unavyouzia jim vimepangwa nje vikikauka, saruji kwenye mikebe kama kawaida yako. Anasema ulikuwa unajigamba kwa vijana kwamba mkebe uliokuwa ukitoa kilo tano sasa unatoa saba, kwamba umepata mchanga wa ajabu kutoka kwa dadako. Aliponiambia nilikaa chini pale pale kwenye ngazi. Ningemwambia nini Sella?

Dalmas, unakumbuka jinsi mama alivyotufundisha kule nyumbani mtoni. Sumaku inashushwa majini mara tatu. Mara ya kwanza mchanga mweusi unapoirukia unaukumbatia ule unga wa dhahabu na kwenda nao. Unauachia uanguke, unauokota upya, unauachia tena. Mara tatu, na hakibaki kitu. Wewe unajua hivyo, ndiyo maana hukuishuku ndoo yangu.

Mimi nashusha mara moja.

Ni miaka miwili sasa. Mwenye mchanga anakaa hapo kwenye stuli, anaona rangi ya njano chini ya karai, anafurahi, anaondoka. Akishaondoka namwaga ule weusi ndooni, na ndoo ikijaa nafunga mlango na kumalizia zile mara mbili peke yangu. Wewe pia nilikwambia ni taka kila ulipouliza, kwa sababu sikutaka kugawana. Yale mabati ya nyumba ya mama, uliyonisifia mbele ya watu Krismasi, yametoka kwenye ndoo hiyo.

Chupa ya mzee Mbuvi niliipima kabla ya kuiosha. Mchanga wote ulikuwa kilo moja na gramu mia nne. Nilichota gramu mia, nikaziosha sawasawa kama mama, nikapata nukta tatu. Piga hesabu mwenyewe. Ilikuwa gramu nne nukta mbili, na pete ingetosha na kubaki. Mzee hakujisifu. Gramu moja nukta nane ilipita mbele ya mtoto wake, naye ameshika mlango.

Nimewaza njia zote. Kununua dhahabu nyingine na kumpa aivae maisha yake yote akidhani ni ya babake, hilo nimelikataa. Kumwambia nilikosea mizani, atauliza iliyobaki iko wapi, na aliiona ikienda. Kila mlango nikiusukuma, ndoo iko nyuma yake.

Zile gramu nyingine tisa na kitu, ziache. Zikae kwenye saruji, vijana wazinyanyue. Lakini mchanga wa Mbuvi sikuumwaga ndooni. Nilikuwa nimeutia kwenye pakiti ya unga ya kilo mbili, nikaikunja mdomo na kuiweka juu ya ule mwingine ndani ya ndoo, maana Ndinda alifika kabla sijaificha. Kama bado iko, usiiguse, nitakuja mwenyewe. Kama uliimwaga, niambie iliingia mkebe gani na mkebe uko jim ya nani, nije na nyundo na chekecheke. Saruji nyingine nitakununulia. Nikimpata Ndinda nitamwambia nini, sijui bado. Lakini angalau nitakuwa na kitu mkononi.

Mama usimwambie. Nisalimie Yvonne sana, na umshukuru kwa kitenge, kilinikaa vizuri. Huku majirani wote wanakuulizia. Mungu akulinde huko juu ya ngazi.

Ndugu yangu, sihitaji maelezo wala mahubiri, hayo utanipa tukionana. Nataka neno moja, kwa simu, kabla ya Alhamisi tarehe 12 saa kumi jioni: ile pakiti ya unga uliifungua, au hukuifungua?

Ni mimi dadako,
Filister Aketch