Kiko Bado Kina Kesi

Tata, baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naandika huku theluji ikianguka polepole nje ya dirisha, na kwa muda nimedhani ni maua ya mibuni yanapukutika nyuma ya nyumba yetu. Koo linaendeleaje? Mate yameanza kurudi, au bado unameza ndizi zetu za ebitoke kwa mchuzi mwingi?

Mimi ni mzima. Kazi ya kutunza wazee inachosha mgongo. Kuna bibi mmoja hapa Norwe ananiita kwa jina la binti yake, nami naitika. Nikimwogesha, mawazo yangu yanajiendea kwetu Izigo, yanazunguka migombani, yanarudi yakiringa.

Juzi Mama alinipigia simu. Kumbe mlikamua ndizi za rubisi ya kushukuru kupona kwako, na kwa kuwa mwenye nyumba ndiye huonja kabla ya wageni, ukaonja. Ukaonja tena. Shangazi wa Kanazi akakuwashia kiko. Mama alipofoka ukamjibu, "Daktari alisema ni kirusi, si tumbaku. Kiko changu hakina kesi."

Nilicheka sana, Tata. Kisha nikakaa kitandani nikaogopa.

Nilikuwepo pale hospitali Mwanza, nimekushikia koti. Ni kweli daktari alisema saratani yako imeletwa na kirusi, na kwamba ya namna hiyo husikia matibabu vizuri. Lakini hapo hapo akasema anayeendelea kuvuta anaiita irudi, iwe ya kirusi au siyo, na pombe nayo si rafiki. Tena yako ilikuwa imeshafika kwenye tezi za shingo, ndiyo maana anataka akuone mara kwa mara hata ukijisikia mzima. Wewe ulikuwa unatazama ziwa dirishani. Nadhani ulisikia ile nusu uliyoipenda.

Na kliniki umeiruka kwa sababu ya kuvuna kahawa! Kaka ana mikono miwili, atavuna. Uvimbe ukiota shingoni, sikio likiuma au ukitema damu, usingoje tarehe, nenda.

Nikisinzia baada ya zamu nakuota. Unatoka migombani, ukungu umekufika magotini, unaniita kwa sauti ile ya kabla ya ugonjwa. Naitika, unazidi kuniita. Nikiamka natamani nilale tena.

Tata waitu, rubisi aonje Mama kwa niaba yako. Wageni hawatakasirika. Kiko usimpe Shangazi, naye nampenda. Kizike chini ya mgomba.

Msalimie Mama aliyekusemea kwangu, kaka yangu na mkewe, na Shangazi, mwambie sijanuna, nimenuna kidogo tu.

Jumapili baada ya misa nitapiga simu. Usimpe Mama simu aanze yeye. Hata kama sauti inakwaruza, niite tu jina langu, nikiwa macho.

Binti yako,
Kemilembe