Mpira Unaoangukia Katikati

Makorora, Tanga
9 Juni 2024

Mpendwa mshauri Bi Samiha,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na barua ikiwa ndefu unisamehe, nyumbani sina wa kumweleza. Mimi ni mwalimu wa timu ya besiboli, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, na vijana wangu ni hodari, si kwamba nawasifu kwa kuwa ni wangu, hata wapinzani wanakiri, tunaye mrushaji ambaye mpira wake huuoni ukipita na tunaye Jumbe ambaye akipiga mpira unakwenda kutafutwa mtaa wa pili, kila mtu alisema mwaka huu kombe ni letu, lakini tumepoteza mechi zote tano.

Na tunapoteza kwa namna moja. Mpira unapigwa juu, unashuka polepole, hata mtoto angeudaka, wanaukimbilia wawili, Jumbe mwenye miaka thelathini na mbili na Sabiri mwenye kumi na tisa, wakikaribiana wote wanasimama na mpira unaanguka katikati yao. Jumbe anasema, "Nilidhani unauchukua." Sabiri anajibu, "Nilikuachia wewe, kaka." Kijana anayemwamkia mwenzake shikamoo kila siku ataanzaje kumpigia kelele ampishe? Jana huko Muheza mashabiki walitucheka, "Hawa wa Tanga wanakaribishana mpira kama chai! Karibu wewe! Hapana, tangulia wewe!"

Zamani haikuwa hivi. Mke wangu Tausi, Mungu amrehemu, alikuwa anakuja kila mechi na kigoda chake na ukili wake, anasuka huku macho yake yakiwa uwanjani, sheria za mchezo hakuzijua mpaka anafariki, ila mpira ukipaa alipaza sauti, "Mrefu, huo wako! Jumbe, mpishe mwenzio!" Mrefu ni jina alilompa Sabiri. Na kwa kuwa amesema mama, hakuna aliyeona amevunjiwa heshima, mmoja anadaka na mwingine anapisha. Alifariki mwezi wa kumi na moja. Kigoda bado nakibeba, nakiweka palepale pake, hakikaliwi na mtu.

Sasa nikwambie linaloniuma. Mechi ya kwanza baada ya arobaini yake mpira ulipaa, na Sabiri akapaza sauti, "Jumbe, mpishe mwenzio!" maneno yaleyale, hata kule kuvuta sauti mwishoni kama Tausi, na akaudaka, na mimi badala ya kushangilia niliinuka nikamwambia mbele ya watu wote, "Nyamaza! Nisikusikie tena!" Hajarudia. Wala hakuna mwingine anayetoa neno mpira ukipaa tangu siku ile, wanacheza kama wako msibani. Wenyewe wanasema wamerogwa, na Jumbe ameapa tukishindwa tena Jumamosi ijayo anaacha, na najua wengine watamfuata, basi timu imekwisha. Nimewaza nimwachie mtu mwingine nikae nyumbani, lakini nyumbani nako ni kimya, na ukili wake haujaisha, umefika urefu wa mkono wangu, umening'inia msumarini. Nifanye nini?

Abdulghani

Marahaba, mdogo wangu Abdulghani. Pole kwa msiba. Miezi saba si mingi, na sitakwambia umsahau mwenzio.

Lakini hapo kwa Sabiri ulikosea, na unajua, ndiyo maana uliliweka mwishoni mwa barua. Vijana wako hawajarogwa. Mikono wanayo, miguu wanayo, wewe umewafunga midomo. Ulidhani mfiwa ni wewe peke yako? Huyo Mrefu alizoea kuitwa na Tausi kila wiki. Siku aliyomkumbuka kwa namna anayoijua, ukamkaripia mbele ya watu. Mtu mzima wewe!

Timu usimwachie mtu. Leo, si kesho, nenda kwa kina Sabiri. Usimwite kwako, nenda wewe. Umchukue na Jumbe mfuatane, kwa sababu ulimkaripia hadharani, basi na samahani uiombe mbele ya mtu. Kisha Jumbe mwenyewe, kwa kinywa chake, amwambie mdogo wake kwamba shikamoo iishie nje ya mstari wa uwanja, na mpira ukiwa hewani mwenye kuuona vizuri aseme, mwenzake apishe. Ukisema wewe watatii kwa woga. Akisema mkubwa wao wataamini.

Halafu siku zote hizi zilizobaki warushie mipira ya juu, hiyo tu. Mpira usiodakwa kwa kuwa hakuna aliyesema, warudie wote, na Jumbe naye.

Kigoda kikaliwe. Mchezaji anayesubiri zamu akae hapo, na kazi yake iwe kupaza sauti. Ukili utoe msumarini, mpelekee mama yake Sabiri au jirani yeyote anayejua kusuka, aumalize. Mkeka ukishonwa, ukaukalie uwanjani.

Kama mtashinda Jumamosi, mimi sijui. Besiboli siifahamu, kama alivyokuwa mkeo. Ila mpira wa kwanza ukipaa na Sabiri akaita kwa maneno yale, usiinuke. Mwache ayamalize. Tausi naye anastahili kukumbukwa.

Bi Samiha