Ndara Zako za Bluu Hazikulowa

Dada yangu Muthoni, Mama Kendi wangu,

Kesho asubuhi Kendi wako anapitia hapa Kanja na watoto wake kunichukua. Tunaenda pwani. Alinipigia simu akiwa huko kwenu Kiirua, na sauti yake ni yako kabisa, karibu nimwite dada. Akasema, "Anko, watoto wamefunga shule. Nataka utupeleke pale mama alisimama baharini. Pale pale. Nataka wanangu pia wasimame hapo."

Nikamjibu hiyo ni kazi ndogo. Pwani naijua kama shamba langu, hata nikifungwa macho. Simu ilipokatika nikabaki nimekaa nje, chai ikapoa, inzi akaingia ndani. Kwa sababu mimi na wewe tunajua hapo mahali hapako.

Sasa hauko wa kuniuliza, "Nyaga, umesema nini tena?" Ndiyo maana nakuandikia. Kuandika si kazi yangu, unajua niliachia shule darasa la sita, ingawa watoto wako wanaamini nilifika fomu ya pili.

Unakumbuka lile jua? Harusi ya binamu yetu Mombasa ilikuwa imeisha, nikakuambia ingia kwa gari, leo nakuonyesha miji yote ya bahari, mmoja baada ya mwingine, mpaka useme basi. Ilikuwa mwezi wa pili. Kiti cha gari kilikuwa kinachoma mapaja kama karai ya mandazi. Wewe ulifunga kitambaa kichwani, ukaweka sufuria ya mukimo wa viazi na mahindi katikati ya miguu, na juu ya magoti ukashika zile ndara mpya za bluu ulizonunua soko la Gakoromone. Bado zilikuwa zimefungwa kwa gazeti. Nikakuuliza mbona huzivai. Ukasema, "Hizi ni za kukanyagia bahari. Hazigusi lami."

Halafu, tukivuka daraja la Nyali, ukaniangalia na furaha ya msichana wa shule. "Na wewe Nyaga, leo nataka nikuone ukiogelea."

Safari yetu iliharibikia hapo, hata kabla sijabadilisha gia.

Maana kwa miaka mingi niliambia watu kwamba nikiwa kijana niliajiriwa na hoteli kubwa Malindi, nikifundisha Wazungu kuogelea. Kwamba waliniita Kapteni. Kwamba siku moja papa alitokea nikampiga ngumi ya pua, akaenda akilia. Watoto wako walilelewa na hiyo ngumi. Kila nikiisimulia nyumbani kwako, ulikuwa unasikiliza kutoka jikoni. Nikisema papa mmoja, kimya. Nikisema wawili, unakohoa. Nilikuwa nasikia, narudi kwa mmoja.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nabeba mawe kwenye machimbo ya Mazeras. Bahari niliionea juu ya lori. Maji yakinifika kiunoni mimi naita mama. Hata mto Ena wa kwetu navukia darajani.

Kwa hivyo tulipofika Mtwapa na ukaona maji chini ya daraja, nilisema hicho ni kidole tu cha bahari, ngoja uone mwili. Ukangoja. Tulipofika Kilifi nikateremka mpaka ufukweni, kwa sababu ulikuwa umeanza kuniangalia vibaya. Palikuwa pazuri, Muthoni. Wamama wamekaa na madera yao ndani ya maji, watoto wanarushiana mchanga, upepo unapiga shati mpaka mgongoni. Ukafungua lile gazeti. Ukasema, "Simama hapa. Hapa panatosha."

"Hapa?" nikasema. "Hapa ni pa watu wadogo. Na haya maji ni machafu." Maji yenyewe ungeweza kuhesabu vidole ukiwa ndani.

Yule mama wa pwani aliyekuwa akiuza viazi karai akanisikia. "We baba, mbona wamtesa dadako? Bahari ni moja. Hata ukenda Malindi utakuta ni hii hii, imekutangulia tu."

Ulicheka mpaka ukashika mlango wa gari. Mimi nikajibu, "Mama, mimi nilifanya kazi huku wewe ukiwa bado msichana mdogo."

"Haya basi! Vua shati uingie, bahari ikuamkie."

Watu wakageuka. Niliona macho yao yote kwenye vifungo vya shati langu. Nikawasha gari. Wewe ulikuwa umevaa ndara moja, nyingine iko mkononi.

Watamu tulikuta maji yamerudi nyuma, mbali, yameacha mchanga na mawe. Ukasema, "Yatarudi. Tukae hapa tule mukimo." Nikakuambia mimi siwezi kungojea maji kama ng'ombe. Mukimo ilikuwa imeanza kunuka chachu. Miguu yako ilikuwa imevimba, nami niliiona, Muthoni. Usifikiri sikuiona. Niliiona na nikakanyaga mafuta.

Malindi sasa ikabidi nitafute ile hoteli. Ile ambayo nilikuwa nimeijenga kwa mdomo miaka yote, sakafu na paa. Tulizunguka mpaka nikachagua geti kubwa kuliko mengine. Nikamwambia askari, "Mwambie meneja Kapteni Nyaga amefika."

Askari akaniangalia, akaangalia mitungi ya maziwa nyuma ya gari. "Kapteni wa meli gani, mzee?"

Nyuma ya ule ukuta bahari ilikuwa inapiga. Ulitoa kichwa dirishani. "Naisikia," ukasema. Halafu ukasema, pole pole, "Nyaga, kichwa kinazunguka."

Kwa kliniki walipima presha wakanigombeza kama mtoto. Ati mtu wa umri wako nimemzungusha juani kutwa nzima namtafutia nini? Ulilala hapo mpaka jua likazama. Asubuhi tukageuza gari kurudi bara, na ndara zikarudi kwa gazeti lao.

Tulisimama Mtito Andei. Ulishika soda bila kunywa. "Hujui kuogelea, sivyo?"

Nikaanza kukueleza kwamba yule meneja wa zamani alihamishwa.

"Nyaga."

"Sijui," nikasema.

Ukaweka soda chini. "Sasa si ungesema tu? Hata mimi sijui. Nilitaka miguu tu."

Miguu tu. Nimeikumbuka hiyo nikikamua ng'ombe, nikiwa kanisani, nikiwa katikati ya hadithi tamu na watu wananingoja nimalize.

Lakini kilichonimaliza ni Kiirua. Akina mama wa kanisa walikuja kukusalimia, nyumba ikajaa. "Mama Kendi, bahari ikoje? Uliingia?" Mimi nilikuwa kwenye kona, natafuta mlango. Wewe ndiye mwanamke ambaye ukiulizwa kama chai iko sawa unasema haina sukari, hata kama ni chai ya pasta. Hukuwahi kuongeza hata chumvi kwa habari. Ukainama, ukagusa goti lako, ukasema, "Maji yalinifika hapa. Na Nyaga alinishika mkono."

"Na yeye aliogelea?"

"Eh! Watu walisimama kumtazama."

Wakapiga vigelegele. Ulisema uongo mmoja maisha yako yote, na ulikuwa wa kunifunika mimi. Nami sikuweza hata kukohoa.

Nilikuahidi mwaka ujao tutarudi. Ukanipa ndara nikuwekee. Mwaka ujao ukawa ni wa kahawa, uliofuata ukawa ni wa paa la nyumba, na baadaye tukawa tunakuzika. Pasta alisimama kaburini akasema Mungu alikujalia mpaka ukasimama baharini. Waliponiita niseme neno kama ndugu, nilitikisa kichwa nikabaki nimekaa. Watu walisema ni uchungu. Uchungu ulikuwepo, lakini kilichonikalisha kwenye kile kiti ni aibu.

Na sasa Kendi anataka pale pale.

Najua la kufanya ni rahisi. Nichague ufuko wowote, ninyooshe kidole, watoto wapigwe picha, Kendi alie kidogo, turudi. Mchanga hausemi. Haungekuwa hata uongo mkubwa kwa mtu wa kiwango changu. Ila nikifikiria Kendi na wanawe wamesimama kwa heshima mahali ambapo nimepaokota tu kwa kidole, nakikunja hicho kidole. Halafu nafikiria upande wa pili: nikisema ukweli, nimekufanya wewe mwongo mbele ya mtoto wako, na wewe hauko wa kujitetea. Hilo ndilo limenikosesha hamu ya chakula wiki hii.

Jana nilitoa zile ndara. Karatasi ya bei bado imebandikwa chini ya moja. Nikazishika, nikaona kwamba uongo wako haukuwa wako. Ulikuwa wangu, ulinibebea tu, vile ulivyokuwa ukinibebea mtungi wa maji nikianza kulia njiani tukiwa watoto. Sasa niletee niubebe.

Kwa hivyo nitasimama Kilifi. Nitateremka pale pale ulipofungua gazeti, na nitasema kabla Kendi hajauliza: "Hapa ndipo mama yako alisema tusimame. Mimi nilikataa kwa sababu naogopa maji. Hakuwahi kukanyaga bahari. Yale mengine alisema kunificha aibu." Nimejaribu kuisema mbele ya ng'ombe. Mara ya kwanza papa aliingia katikati. Nimemtoa.

Halafu nitampa Kendi ndara, zitamtosha, mguu wenu ni mmoja. Anaweza kukasirika. Anaweza kuniacha hapo nirudi Kanja nikijitegemea, na hilo pia nitalikubali. Lakini wakiniambia niingie nao, nitaingia. Mpaka magotini, pale ulipogusa. Nikiita mama, wacha watoto wacheke.

Sasa nakuacha upumzike, dada. Kesho ukisikia naanza kuongeza maneno, kohoa kidogo tu. Nitasikia.

Ni mimi mdogo wako, asiyejua kuogelea.