Usivunje Lango la Baba

Ankara, Jumapili

Kaka Masatu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila nimevaa soksi mbili na bado natetemeka. Mwili uko huku, moyo uko Murangi. Mguu wa mama unaendeleaje? Mvua imenyesha, au bado mnaangalia tu mawingu ziwani?

Najua unajiuliza kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Kaka, kwenye simu hunipi nafasi. Ukishasema "Haya, salimia huko," umekata. Karatasi hutaweza kuikata. Mwenzetu wa Bunda tunayesoma naye anarudi nyumbani Alhamisi, mtakutana sokoni Mwigobero akupe.

Ni habari ya ukuta wa boma. Ulinipigia ukasema, "Ng'ombe hatunaga tena, ukuta huu unalinda nini? Mawe yake naweka kwenye msingi wa nyumba." Nikakujibu vunja tu. Nilikuwa nawahi darasani. Tangu siku ile jibu langu limenikaa kooni kama mwiba wa sato.

Jana nilipanda kwenye ngome ya kale ya mji huu. Iko juu ya kilima katikati ya jiji, na ndani ya kuta watu wanaishi hadi leo, wameanika nguo na kukaanga vitunguu. Walioijenga waliokota mawe popote. Utaona jiwe lenye maandishi ya zamani limelazwa ubavu. Nilicheka peke yangu, maana baba naye alipachika jiwe la bibi la kusagia, lile lililopasuka, kulia kwa lango letu.

Kwenye kichochoro nikakuta jiwe limeanguka kutoka ukutani. Wala sikufikiri. Nililiokota, nikalirudisha kwenye tundu lake, nikaligonga kwa kiganja likae. Si unamkumbuka baba: "Anayeruka jiwe lililoanguka, jioni asiulizage ugali." Kumbe mama mmoja anayeuza soksi za sufu mlangoni kwake ananiona. Alipiga kelele, akidhani nachomoa! Watu wakageuka. Kwa Kituruki changu cha kuokoteza nikajitetea kwamba kwetu tuna ukuta, na baba alitufundisha kurudisha. Akaja akalitikisa lile jiwe, likagoma. Akacheka, akaniketisha, akanipa chai.

Halafu akauliza, "Na wa baba yako, bado umesimama?"

Nililia mbele ya soksi za watu.

Mlimzika baba mimi nikiwa huku. Sikushika hata udongo. Ninyi mna kaburi, mna jembe lake, mna kiti chake. Mimi nimebaki na ule ukuta. Kila jiwe alilipanga yeye, na mengine nilimbebea kichwani. Nikiwa na hamu ya nyumbani siioni nyumba, naliona lango, na yeye amesimama pale siku ninaondoka: "Umetokea hapa, na kurudi uingiage hapa hapa."

Nyumba siikatai. Mama anastahili paa lisilovuja. Chukua ukuta wa upande wa ziwa, chukua na wa nyuma wote. Niachie lango tu, na mawe ya huku na huku kiasi cha mikono yako ukiinyoosha. Kama umeshaanza, simama ulipofika. Na kama lango lenyewe limeshaanguka, lile jiwe la kusagia lilaze chini pale pale lilipokuwa. Nitajua pa kupita.

Mwambie mama nakula vizuri, asihangaike. Wifi Nyabise, mkeo, namshukuru kwa dagaa. Chumba kizima kilinuka Murangi na sikuomba radhi. Shangazi wa Kigera, aliyenisindikiza hadi stendi, mwambie lile shuka lake ndilo najifunika.

Leo nimepita tena kuliangalia lile jiwe la watu. Limekaa. Mkono wa baba huo, kaka. Usiufukie wote kwenye msingi.

Mdogo wako,
Nyanjura