Kitabu cha Kijapani Kinaanzia Nyuma

Jumamosi, 4 Mei
Chama chetu cha wasomaji kimepewa riwaya ya Kijapani, iliyotafsiriwa kwa Kiingereza. Mjadala Ijumaa. Mimi nitakaa pembeni na kutikisa kichwa, kama kawaida.
Binamu yangu, bingwa wa komiki, kaniona nafungua ukurasa wa kwanza. Kacheka! We mshamba, vitabu vya Kijapani vinaanzia nyuma. Afadhali kanistiri mapema. Nimeanza na sura ya mwisho, kisha narudi sura kwa sura.

Jumapili, 5 Mei
Mwanamke anasafisha chumba cha jirani yake, mzee fundi miavuli. Mzee kafariki. Kurasa nne anaosha kikombe. Kimoja!
Mama kachungulia. Hakuna ugomvi humo? Hakuna. Hata fumanizi? Hata. "Basi hicho si kitabu, mwanangu, ni kikombe."

Jumanne, 7 Mei
Mzee kafufuka! Kwanza yu mahututi, sura inayofuata anakohoa tu, leo anapanda ngazi kama kijana. Na namba za kurasa zinashuka. Wajapani hawa!
Halafu hawasemi. Mwanamke ana jambo moyoni, anaishia kusema mvua inakuja. Kama mimi tu. Nasoma kwa Kiingereza, nalia kwa Kiswahili.

Jumatano, 8 Mei
Mwalimu wa maktaba kauliza nimeionaje. Mdomo ukafunguka wenyewe! Nikasema: ujasiri ulioje, kuanza na msiba na kumalizia na hodi! Mwanamke mgeni, mwavuli umevunjika, mzee anafungua mlango. Basi. Anampigia hodi mzee ambaye yeye ndiye atakayemwoshea kikombe akishafariki, wala hajui!
Mwalimu kanitazama kama mtu anayezuia chafya. Kasema Ijumaa mjadala naufungua mimi.
Mimi!!

Alhamisi, 9 Mei
Yule wa darasani kwetu tunayemwita Miwani, naye yumo chamani, kanisemesha. Yeye mwenyewe! Eti mwisho umemliza. Nikasema kweli, ile hodi ni tamu. Kanikodolea macho: "Hodi si mwanzo, wewe? Mwisho ni kikombe."
Nikacheka kama mbuzi. Nikakimbilia chooni.
Binamu anakana: alimaanisha komiki, tena zilizochapwa kulekule Japani. Riwaya ikishatafsiriwa inaanzia mbele, kila mtu anajua. Kila mtu!
Nikajifanya mgonjwa. Mama kanigusa paji: "Baridi kama mtungi. Kesho shule."
Nimeirudia yote kutoka mbele. Nzuri. Lakini si ile yangu.
Kesho nidanganye, au niseme?

Ijumaa, 10 Mei
Maktaba, sasa hivi. Naandikia chini ya meza.
Nimesema. Niliisoma kinyumenyume, na naona ndivyo inavyouma zaidi. Kicheko! Kaka mkuu wa chama kateleza kitini. Nilitamani ardhi inimeze.
Mwalimu akagonga meza. Haya, fungueni sura ya mwisho. Mkimaliza, iliyo kabla yake. Kisha rukeni hadi ya kwanza.
Zinasikika kurasa tu, zinarudi nyuma. Kaka mkuu anafuta pua kwa tai. Aibu yake!
Miwani kanyoosha mkono. Eti mwanamke angejua yatakayokuja, angepiga hodi?
"Mimi usiniulize," mwalimu kasema, "muulize mwenzako aliyeanzia nyuma."
Vichwa vyote kwangu. Lakini jibu ninalo — ninalo kabisa! Ngoja niweke kalamu, nisimame ni—